Tabasamu la Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu karudi kutoka kazini na habari. Kliniki ya meno anakofanya uuguzi imepata kamera ya mwanga. Inamulika jino mpaka ndani, inaonyesha linapoanza kuoza kabla mwenyewe hajahisi kitu. Sasa daktari anatafuta mtu mwenye meno mazima, apimwe, kisha picha yake ibandikwe mapokezi. Alikuwa anamsimulia mama yake, si mimi. Lakini masikio ninayo. Nani mtaa huu ana meno kama yangu? Mimi fundi cherehani, uzi nakata kwa meno. Mkasi wa nini?

Jumanne, 5 Machi
Shemeji naye anautaka ukuta. Kaka wa mke wangu huyu, mwalimu wa hesabu, mtu wa kuchokoa meno kwa uzi kila akimaliza kula, hata mbele za watu. Kapita dukani kuulizia suruali yake, akanitabasamia kuliko suruali ilivyostahili. Nikamwambia kwa upole kwamba ukutani wanatakiwa watu wenye sura. Akasema daktari anapima meno. Suruali yake nimeibana kiuno kidogo. Mkono uliteleza.

Jumatano, 6 Machi
Maandalizi. Nimesugua meno kwa magadi mpaka fizi zikatoa damu. Mama mkwe, tunayeishi naye, akauliza nimemla nani. Kisha akasema nianze kwa kuziacha peremende za kwenye kopo la vifungo. Nikasema zile ni za wateja. Akauliza ni mteja gani anayetafuna duka likiwa limefungwa. Nikalifunika kopo. Heshima kwa wakwe ni jambo muhimu.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya aibu. Kliniki shemeji kaanza kupimwa, meno safi, daktari kamsifu. Nikakalia kiti na tabasamu langu. Daktari akasema tabasamu lisubiri, nipanue kinywa. Magego yangu yakatokea kwenye skrini, meupe, yanapendeza. Halafu katikati ya mawili ya nyuma, kivuli. Nikasema kamera ina uchafu. Akaifuta. Kivuli kikabaki. Nikasema mashine imeharibika. Akaisogeza kwenye jino la jirani: safi. Akairudisha: kivuli.

Akanieleza taratibu kwamba kwa nje hapaonekani tundu, uozo umejificha pale meno yanapogusana. Bado haujafika kwenye mshipa. Akiziba sasa, ni kazi ndogo. Nikichelewa, jino linang'olewa. Nikasema mbona haliumi. Akasema ndiyo maana wakaitafuta hiyo kamera.

Nikakumbuka nina mteja ananisubiri. Nimefika dukani na kile kitambaa cha kliniki bado shingoni.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa kando ya cherehani, akasema kila siku anashika vichwa vya watu waliokuja wakati shavu limeshavimba, na wengine wanalia kama watoto. Akasema hataki kukishika changu. Nilitaka kutania, nikaishia kuipaka cherehani mafuta. Nikamwambia nitaliangalia hilo suala. Kisha nikapanga kesho niwe na kazi nyingi mno.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kavaa viatu vyake vizuri, kaniomba nimsindikize kliniki, eti jino linamsumbua. Ningemkatalia vipi? Nikamshika mkono njia nzima, nikimpa moyo kwamba hakuna cha kuogopa. Mapokezi wakauliza mgonjwa ni nani. Akaninyooshea kidole mimi.

Hata shemeji alikuwepo, kakaa kwenye benchi. Nilidhani kaja kucheka. Akaingia nami, akanipa mkono niufinye, nami nikaufinya kwelikweli. Hakulalamika. Mke wangu akanishika kichwa. Sindano ya ganzi ikachoma kidogo, baada ya hapo sikusikia kitu. Limezibwa. Mama mkwe akanifuta mate kwa kanga yake akaniita mwanangu. Nilitaka kusema asante, mdomo mzito, likatoka neno jingine kabisa.

Jumapili, 10 Machi
Picha ya shemeji imepanda ukutani. Nimekubali, kapendeza. Ila mke wangu anasema kliniki ya macho ya jirani nayo imepata mashine, inachungulia mpaka nyuma ya jicho. Nao watahitaji picha. Meno ni bahati, lakini macho! Nimeshona miaka yote bila miwani. Kupimwa kwanza sioni haja, nimeshaanza kuchagua shati la kupigia picha. Leo asubuhi sindano imekataa kabisa kutungika, ikabidi nimwite mama mkwe anitungie. Nyuzi za siku hizi ni mbovu sana.