Krediti za Mume, Mahudhurio ya Mke

Kwa Msajili,
Kitivo cha Sheria.

Ndugu Msajili,

YAH: KUNYIMWA SHAHADA ILIYOKWISHA KAMILIKA NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana ile barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nusura nianguke. Mimi ni karani wa mahakama, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kila asubuhi hakimu akiingia, ni mimi ninayepaza sauti watu wote wasimame. Nimewasimamishia mahakimu tisa, na huyu wa sasa nilimfundisha mwenyewe kufunga jalada kwa uzi alipokuja kwa mazoezi akiwa mwanafunzi. Naitaka shahada ili nami, kabla sijastaafu, niingie chumba kile watu wasimame. Sioni haya kulisema.

Umeandika kwamba shahada ni krediti mia moja na ishirini, na kwamba mihula miwili ya mwisho lazima mtu aisome darasani, kwa mahudhurio yasiyopungua robo tatu. Nimeyapitia masharti hayo kama ninavyopitia hati ya mashtaka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Krediti ninazo. Ninazo mia moja ishirini na sita, nilizohangaikia miaka tisa kwa masomo ya posta na mitihani ya Jumamosi, na zote mmezipokea kwa muhuri wenu. Zile sita za ziada nawaachia, mtampa mwenye kupungukiwa.

2. Mahudhurio nayo yapo. Vipindi vyenu huanza saa nne asubuhi, saa ambayo mimi naita majina ya washtakiwa. Kwa hiyo alihudhuria mke wangu. Mihula miwili hakukosa hata siku moja. Siku bomba la maji lilipopasuka darasani, mhadhiri mwenyewe hakutokea, lakini mke wangu alikuwepo safu ya mbele, miguu kaipandisha juu ya kiti. Mbona hilo hamkuliandika?

3. Mmeliita jambo hili udanganyifu. Neno hilo limenichoma. Mdanganyifu huandika jina la mwenzake kwa siri. Mke wangu aliandika jina lake kamili kwenye daftari la mahudhurio, akatia sahihi, na pembeni akaongeza: kwa niaba ya mume wangu. Ofisini ndivyo tunavyofanya kazi. Mimi natia sahihi kwa niaba ya mkubwa wangu tangu nilipoajiriwa, na watu wameingia rumande na kutoka kwa sahihi hizo. Hata barua yako, Ndugu Msajili, imetiwa sahihi na mtu mwingine kwa niaba yako. Ikiwa mtu anaweza kuninyima shahada kwa niaba, kuna ubaya gani mtu mwingine kunisomea kwa niaba?

4. Mlifundisha wenyewe, muhula wa kwanza, kwamba mali iliyochumwa na mume na mke ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Daftari ninalo, kwa mwandiko wa mke wangu. Sasa mahudhurio haya yalichumwa ndani ya ndoa: yeye ni fundi cherehani, na kila jioni alinisimulia kipindi kizima huku akipinda magauni ya wateja. Kwa hiyo nusu ni yangu. Nusu yake amenipa kwa hiari, jikoni, mama mkwe akiwa shahidi.

5. Kama bado mnang'ang'ania kwamba lazima nikae darasani mwenyewe, basi mleteni mhadhiri mahakamani. Benchi la washtakiwa huwa wazi saa ya chakula. Na siku ya mahafali tuko tayari kuvaa joho moja mimi na mke wangu. Ataliongeza upana yeye mwenyewe, hamtasumbuka.

Maombi ya nafasi ya hakimu yanafungwa mwisho wa mwezi, na mwakani umri wangu hautaruhusu. Naomba uamuzi wa haraka.

Nisalimie mhadhiri wa somo la ushahidi, ambaye hatujaonana lakini kikohozi chake nakijua kwa masimulizi. Msalimie pia mama wa kantini, na mlinzi wa getini anayemwita mke wangu "wakili".

Wako mwenye kusubiri kwa adabu, na kwa hasira kidogo,

Karani wa Mahakama

N.B. Kabla sijabandika stempu, nilimpa mke wangu barua hii asahihishe vifungu. Amesema hoja ya nne haisimami. Kama mahudhurio ni mali ya ndoa, basi na krediti ni mali ya ndoa, na yeye anaweza kuja kwako kesho kudai nusu yake kwa maneno yangu haya haya, nami nibaki na sitini na tatu. Nimetafuta jibu tangu chai ya asubuhi hadi akamaliza kushona gauni zima la harusi, sikulipata. Nimefungua madaftari yake nikasoma kidogo. Kuna maswali aliyomuuliza mhadhiri ambayo mimi, mwenye krediti mia moja ishirini na sita, sikuyaelewa hata nilipoyarudia. Imeniuma, sikufichi. Kwa hiyo lifute ombi langu, na unitumie fomu ya kujiunga kwa jina lake. Ningekuwa mshtakiwa mimi, ningeomba kesi yangu aisikilize yeye, si mtu kama mimi.