Bolti za Ngoma ya Maureen

Jumatatu, 11 Julai 2011

Nimepata kazi! Si ya mshahara, ya heshima.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Maureen, mjane wa Kiayalandi, nilimkuta kwenye lifti amekumbatia kitu kama chekeche kubwa. Kumbe ni ngoma ya kwao. Upande mmoja ngozi ya mbuzi, upande wa pili wazi; unapitisha mkono kwa nyuma na kuipiga kwa kijiti. Jina lake bodhrán, lakini wao hutamka kitu kama "bourani". Ilikuwa ya marehemu mumewe. Jumamosi ndugu zake wanakuja kumkumbuka, mwaka umetimia, na wanataka ipigwe. Tatizo: ngozi imelegea kama shavu langu. Ndani ya fremu kuna bolti za kuikaza, zimeshikwa na vyuma vidogo. Nusu hazipo.

Nikamwambia amemfikia mwenyewe. Mimi, Rahemtulla, nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Sijawahi kuzidiwa akili na bolti. Nikaongeza kwamba za namna hiyo ninazo ndani, kwenye boksi. Sina. Hata boksi sina. Lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemjaa maji. Ningemwahidi hata lifti mpya.

Mke wangu, Kanizfatema, akauliza nimebeba nini. Nikasema chekeche. La kuchekechea nini? Mchanga. Hakuuliza tena. Tumezoeana.

Muhimu: Hasham asijue! Hasham ni kaka wa mke wangu. Mwanza duka lake lilitazamana na langu na aliuza vitu vilevile nilivyouza mimi. Nchi kubwa hivi, Kanada, na anakaa ghorofa ya juu ya kichwa changu.

Jumanne, 12 Julai

Joto la kutisha. Unyevunyevu mtupu. Ngozi imelegea zaidi.

Nilikwenda duka kubwa la vifaa, lile ambalo ukiingia unahitaji ramani. Nikajisikia nyumbani. Kijana mwenye aproni akauliza kama nahitaji msaada. Nikacheka kwa upole. Nilichagua kwa macho tu. Macho yangu ni kipimo.

Nyumbani bolti iliingia robo, ikagoma. Nikaisukuma na spana. Ikalia kama paka. Ikaingia nusu, ikakwama moja kwa moja. Haitoki, haiendi. Mjukuu wangu Inara alipita, akatazama, akasema kwa Kiingereza (Kiswahili anakielewa, kukijibu hataki) kwamba ngoma imetengenezwa kwa milimita na bolti zangu ni za inchi. Nikamjibu kwamba nilikuwa najaribu kitu. Akauliza kitu gani. Watoto wa hapa hawana adabu ya kuacha jambo.

Chai nzuri sana leo, hata hivyo.

Jumatano, 13 Julai

Inara ametafuta kwenye kompyuta. Vifaa vyenyewe vipo, Ayalandi, fundi anavituma kwa posta. Vitafika Agosti. Ndugu wa marehemu wanafika Jumamosi. Nikamwambia asante, fundi hatuna haja naye.

Nikapanda mabasi hadi mtaa wa Mount Dennis, ambako niliambiwa kuna duka la ala za muziki. Lipo. Ngoma za kila aina ukutani, kutoka Ghana, Kuba, Brazili. Mwenye duka, mama wa Jamaika, alisikiliza kwa makini. Alisema vya namna hiyo hana, ila nisihangaike sana: ngoma ya ngozi inataka joto. Niiweke mahali pakavu, niipashe taratibu. Nilimshukuru. Ushauri wa watu wasiojua vyuma! Ngoma ina matundu ya bolti, inataka bolti.

Kwenye basi la kurudi nikapata wazo zuri mno. Nimetabasamu njia nzima hadi abiria mwenzangu akahama kiti.

Alhamisi, 14 Julai

Baiskeli ya mazoezi!

Binti yangu Arzina alituletea kwa ajili ya sukari yangu. Imetengenezwa China. Milimita! Wakati mke wangu yuko sokoni nikafungua bolti chini ya kiti. Zinaingia kama zimezaliwa humo! Vyuma vya kuzishika nimevipata kwenye bomba la pazia la chumbani. Pazia nimelibana kwa vibanio vya nguo. Halionekani, ukitazama kwa haraka.

Na hata ile iliyokwama ilitoka, kwa nyundo.

Nikakaza. Nikapiga. Tum! Sauti ya mtu mzima. Nilicheza kidogo sebuleni, peke yangu, bila aibu. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Saa kumi mke wangu akapanda baiskeli. Kwa miezi sita hajaigusa! Leo ndiyo siku aliyochagua! Kiti kikainama, yeye akateremka polepole na kiti chake, heshima zote, mpaka kwenye zulia. Hakuumia. Alikaa pale chini akanitazama, kisha akatazama ngoma, kisha akaniuliza kama mchanga umeshachekecheka.

Nikamweleza yote. Nilitegemea vita. Akasema tu, "Baba Arzina, ungemwambia Hasham. Ana makopo ya bolti juu."

Nikasema heri nimeze bolti.

Ijumaa, 15 Julai

Maafa. Nilikaza zaidi asubuhi, kwa usalama. Sasa inalia kama sufuria: ting! Si ya mazishi wala ya harusi. Nikalegeza, boff, kama mto. Nikakaza; ting. Nikaipaka maji kidogo, nilisikia mahali kwamba husaidia. Sasa haitoi sauti kabisa. Ukiipiga unasikia mkono wako tu.

Katikati ya hayo, mlango. Hasham! Bila hodi ya maana, kama kawaida yake. Nikaikalia ngoma. Akakaa na yeye. Akazungumza kuhusu magoti yake, muda mrefu. Nilikuwa nachuruzika jasho na ngoma inachuruzika maji. Mwisho akasema, "Shemeji, umekalia bourani."

Anaijua! Kumbe Bi Maureen alitangulia kumwomba yeye, Jumapili, na yeye akasema ukweli: hana vifaa hivyo. Ukweli! Duka lake ndivyo lilivyokufa.

Akatazama vyuma vya pazia. Akatazama bolti za baiskeli. Nilisubiri kicheko. Hakucheka, akaniomba nimruhusu tuende wote kesho kwa Bi Maureen. Sikuweza kukataa nikiwa nimekaa vile.

Usiku huu nimekosa raha kidogo. Si kwa ajili ya Hasham. Namfikiria yule mama na mikono yake miwili.

Jumamosi, 16 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio, ingawa moyo unaruka.

Nyumba ya Bi Maureen ilijaa. Picha ya mumewe mezani, mtu mnene mwenye uso wa kucheka. Keki, sandwichi, chai kali kama yetu. Fidla, filimbi. Nilikabidhi ngoma kwa kaka wa marehemu, mzee mrefu aliyevaa tai. Nikatoa hotuba fupi kuhusu bolti. Wakapiga makofi. Hasham alikuwa anatazama dari.

Mzee akapiga mara moja. Boff. Akapiga tena, kwa nguvu. Bolti moja ikachomoka, ikaruka juu ya vichwa, ikazama kwenye keki.

Nilitafuta mlango kwa macho. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yake.

Nikamgeukia Bi Maureen, nikamwambia bolti ni za baiskeli, na boksi halikuwepo kamwe. Midomo yake ikatetemeka. Nikajua nimemliza siku ya mumewe. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akashikilia meza. Alisema mumewe naye bolti zilimchomoka hivyohivyo, mara moja kwenye supu ya padri, ndiyo maana nusu hazipo. Marehemu alizitupa mwenyewe kwa hasira. Alikuwa hajacheka, akasema dada yake, tangu mazishi.

Lakini ngoma bado ilikuwa imelala. Hapo Hasham akasimama, magoti yakilia, akaomba mashine ya kukaushia nywele. Amepiga dholi, ngoma yetu ya Kihindi, kwenye harusi zetu miaka na miaka, ngozi anazielewa. Akalegeza bolti zangu zote, akaipasha ngozi taratibu, akiigonga kwa kidole na kusikiliza. Ndani ya chumba kile chenye kiyoyozi, ngozi ikaanza kujivuta. Tum. Tum! Mzee mrefu akaichukua, fidla ikaingia, na watu wakaanza kulia na kucheza kwa wakati mmoja.

Nilimwonea wivu Hasham, nikiri. Kisha akanivuta, akawaambia wote kwamba kazi ngumu ilikuwa yangu, yeye alipuliza upepo tu. Sijui anataka nini. Tulicheza, mimi na yeye, mkono kwa mkono, vibaya sana. Bi Maureen akanipa kipande cha keki chenye tundu la bolti.

Jumapili, 17 Julai

Nimelala hadi saa nne. Mwili wote unauma kwa kucheza. Pazia limeanguka. Kanizfatema anaimba jikoni.

Jana, wakati wa kuagana, yule mzee mrefu alilalamika kwamba kinanda chake cha mvukuto kimekufa: vibonye vikizama havirudi juu. Akauliza kama kuna mtu anayejua la kufanya. Hasham alifungua mdomo. Nikamwahi! Nimemwambia mzee akilete Jumatano, kitapona siku hiyohiyo. Hakuna kazi nyepesi kama hiyo. Inahitaji springi ndogo tu, nyingi kidogo.

Mke wangu anatoka saa nane kwenda kwa Arzina. Nimekwisha kuifungua cherehani yake upande wa chini, kuchungulia tu.

Springi nzuri sana.