Prosesa Niliyoitangaza Marehemu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kubwa! Calvince Aloo, jirani yangu hapa Nyanchwa na mpinzani wangu kwenye mradi wetu wa programu, ametuma msimbo mpya na mimi ndiye niliyepewa kuukagua. Ni wa kiini cha mfumo endeshi. Kompyuta ikiwaka tu, msimbo huo unaiuliza prosesa, ubongo wa mashine: wewe ni nani, unaweza nini? Wasimamizi wa mradi wanatafuta mkaguzi mkuu wa sehemu hiyo. Ni mimi au Aloo. Nimeamua ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Kutwa nzima nimetafuta kosa. Hakuna. Jamaa anaandika msimbo kama anapiga nguo pasi. Halafu nikaona mistari ya kutambua prosesa moja ya kale sana. Nikamwandikia aifute, hiyo ni marehemu. Akajibu kwa upole kwamba huenda bado iko mahali. Nikamwambia alete shahidi. Hakuwa naye. Akafuta. Wasimamizi wamenisifu mbele ya watu wote.

Jumatano, 5 Machi
Bado kuujaribu mfumo kwenye mashine halisi, ushindi ukamilike. Nimepanda boda hadi Nyaramba kwa shangazi Drusilla, anayefundisha vijana kompyuta pale sokoni. Wana mtihani kesho. Nikamwahidi mashine zake zitakimbia. Akauliza kama nina hakika.
"Shangazi, mimi ndiye mkaguzi."
Nikaweka mfumo kwenye zote, nikawasha. Skrini nyeusi, mstari mmoja: prosesa haijulikani. Nikafungua mashine moja. Marehemu yumo ndani, mzima wa afya.
Shangazi hakufoka. Aliketi kwenye benchi la wanafunzi. "Omosa, hawa watoto nitawaambia nini?"
Nikampigia Aloo.

Alhamisi, 6 Machi
Aloo kafika kabla ya chai ya asubuhi, mistari yake ikiwa kwenye flashi. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mashine zikawaka, mtihani ukaanza. Shangazi akampa Aloo mkungu wa ndizi. Mimi akanipa ufagio.

Ijumaa, 7 Machi
Wasimamizi wamemteua Aloo. Nimempongeza kwa moyo safi. Akasema nina jicho kali, ila siku nyingine niulize kwanza. Ushauri mzuri sana.
Mchana nimepitia sehemu inayotambua kadi za mtandao. Kumbe kuna moja ambayo hakika hakuna mtu duniani anayeitumia bado. Nimependekeza mistari yake ifutwe yote. Nimeshatuma. Ningemuuliza nani, na mimi ndiye mwenye jicho?