Meli Yenu Imeniharibia Ugomvi Wangu

Kwa Meneja wa Huduma za Abiria,
Ofisi ya Meli za Utalii.

YAH: MADAI YA KURUDISHIWA UGOMVI ULIOHARIBIKA NDANI YA MELI YENU

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa mahali ambapo sakafu haiyumbi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nilikuwa katika kundi la watu ishirini na wawili mliowazungusha visiwa vya joto kwa siku tisa, kundi lililokusanywa na dada yetu mdogo, muuguzi. Chakula kilikuwa kizuri na mashuka yalinyooka. Juu ya hayo sina neno.

Nilipanda meli yenu nikiwa na ugomvi wa miaka kumi na moja na kinyozi mmoja ambaye, kwa mujibu wa cheti cha kuzaliwa, ni ndugu yangu wa baba mmoja mama mmoja. Ugomvi wenyewe haukuwa wa kuokota. Baba yetu alifuga ndevu miaka arobaini, tangu mama alipofariki. Wiki yake ya mwisho hospitalini, kinyozi aliingia na mfuko wake akazinyoa zote, bila kuniuliza mimi mkubwa. Nilipofika wodini nilikipita kitanda cha baba nikaenda kumtafuta kwenye vitanda vya mbele. Tangu siku hiyo sikumsemesha kinyozi. Nywele zangu nazipeleka mtaa wa nne, kwa bwana ambaye ameshaniacha na ngazi kisogoni mara tatu. Nimevumilia, maana ugomvi mzuri hautunzwi kwa raha.

Sasa malalamiko.

1. Dada alimwambia kila mmoja wetu kwamba mwenzake haji. Hilo ni la nyumbani, nitalimaliza mwenyewe. Lakini ni ofisi yenu iliyoona majina mawili ya ukoo mmoja ikayatupa chumba kimoja. Nilitoa futi yangu nikapima: kati ya kitanda na kitanda, sentimita hamsini na nane. Nilipotaka kusogeza changu nikakuta kimefungwa sakafuni kwa nati. Mhudumu wenu akasema, "Mzee, ni kwa usalama wako." Usalama gani, Meneja, wakati mtu nisiyesema naye anakoroma sawasawa na marehemu baba?

2. Siku ya pili bahari ilichafuka, nami nikachafuka nayo. Kinyozi alinishikia ndoo toka asubuhi hadi saa tisa alasiri. Yeye hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu, ila kwa sababu nyingine. Sijui kama umewahi kujaribu kumnunia mtu aliyekushikia ndoo. Uso unagoma.

3. Kwenye kisiwa cha pili, kiongozi wenu alitugawa wawili wawili kwenye mitumbwi ya plastiki. Nadhani unajua nilipangiwa nani. Kwa kuwa simpi mgongo mtu nisiyemwamini, nilikaa nikimtazama, naye akanitazama, kila mmoja na kasia lake. Tulizunguka pale pale kama kijiko ndani ya kikombe, kundi zima likitazama toka ufukweni, dada amejishika mbavu. Mwishowe ikabidi niseme neno. Nilisema, "Kushoto." Akauliza, "Kushoto kwako au kwangu?" Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa ndugu yangu baada ya miaka kumi na moja ni la barabarani, na jibu lake lilikuwa na akili. Vyote viwili vimeniuma.

4. Kisiwa cha tatu ndicho kilichonimaliza. Ratiba yenu ilisema: "Mapumziko ufukweni, saa nne nzima." Huo ni uzembe. Watu wawili wakishaambiana kushoto hawaachwi kwa saa nne bila kazi. Nilimuuliza kwa nini alimnyoa mzee. Alijibu akitazama vidole vyake vya miguu: "Aliniomba mwenyewe, kaka. Alisema mama alimwacha hana ndevu. Anaogopa akifika kule hatamjua."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Uliniuliza lini?"

Mchanga wa kisiwa kile ni mweupe sana, Meneja, unaumiza macho. Naomba iandikwe hivyo.

5. Hasara niliyopata ni hii. Nina binamu ambaye kila Jumapili alikuja tumseme kinyozi. Jumapili iliyopita alikuja, tukatazamana, akaaga mapema. Mke wangu alizoea kunituliza, sasa hana la kunituliza, ameanza kunisahihisha. Kubwa zaidi, nilikuwa nimeandaa maneno ya siku kinyozi atakapokuja kuniomba radhi. Nimeyanoa miaka kumi na moja. Sasa imeonekana wa kuomba radhi ni mimi, na kwa upande huo sikuwa nimeandaa hata sentensi moja. Nilisimama mlangoni kwake nimeshika kofia. Akaniangalia kisogo, akavuta kiti, akanifunga kitambaa shingoni.

Kwa hiyo nadai barua yenye muhuri wenu inayotamka kwamba mambo yaliyotokea baharini hayana nguvu nchi kavu. Mkishindwa, nipatieni sababu nyingine ya kugombana, yenye uzito usiopungua ule wa kwanza.

Nisalimie nahodha, wapishi, wafua mashuka, na yule kiongozi wa mitumbwi kama ameshamaliza kucheka.

Nangoja jibu lenu nikiwa nimenyolewa vizuri,

Mpima Ardhi Mstaafu,
Chumba namba 314.

Nyongeza: Tafadhali tuandikieni watu wawili kwa safari ya mwezi wa sita, chumba kimoja. Mdogo wangu anapenda kulala upande wa dirisha, lakini dirisha nipeni mimi mkubwa. Tutahitaji kitu cha kubishania njiani.