Kipakatalishi Kisichojibu

Napenda kuutangazia umma, na hasa wafugaji wa mafahali wa mchezo kutoka Khayega hadi Shinyalu, kwamba Uchunguzi wa Kipakatalishi Kisichojibu umekamilika kwa mafanikio makubwa. Uliendeshwa na kamati ya mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi, Ignatius Osundwa, Naibu Mkurugenzi wa Vibali vya Mapigano ya Mafahali, Kakamega.

Chanzo ni karani wetu Nekoye. Ofisi ina vipakatalishi vipya kumi na vinane, vyote salama ndani ya maboksi, vikingoja mgeni rasmi wa kuvizindua apate nafasi. Huu ni mwaka wa tatu. Nekoye, kwa kukosa subira, akaleta laptopu kuukuu ya kaka yake Clifford: nzito, skrini nyeusi, maandishi ya kijani, haina picha wala kipanya. Unaandika amri, unabonyeza, basi.

Katika wiki moja foleni yetu ya vibali ikaisha. Foleni iliyojengwa na maafisa waliotutangulia, kwa jasho! Mzee Osiako wa Khayega alipewa kibali cha fahali wake kabla hata hajapata mahali pa kukaa. Nilimwonea huruma. Alikuwa amebeba chakula cha siku mbili.

Ilikuwa wazi kwamba karani huyu anafaa kuhamishiwa kituo chetu cha Isecheno, ndani ya msitu, ambako hakuna fahali hata mmoja ila kima wengi. Nekoye akanisihi. Mama yake, anayeishi naye Shieywe, alipata kiharusi na hawezi kutembea.

"Mkubwa, mimi ndiye nampelekanga kliniki. Nikienda huko msituni, nani atambeba?"

Nikamjibu kwamba suala la mama halimo kwenye fomu. Nakiri sauti yake ilinisumbua hadi saa ya chai.

Ili haki itendeke, niliitwaa laptopu kwa wiki nzima nithibitishe kwamba haifanyi kazi. Jaribio lingekuwa barua ya uhamisho ya Nekoye mwenyewe. Nekoye, macho yakiwa mekundu, alinionyesha amri ya barua za uhamisho, ambazo hutokea kwenye printa ya Mkurugenzi zikiwa na mhuri tayari.

"Ikinyamaza, ujue imefanya," alisema. "Ikiongea ndiyo kuna shida."

Nilicheka. Miaka ishirini na miwili serikalini sijaona kazi ikifanyika bila hotuba.

Jumatatu nikaandika amri. Ikauliza: Jina? Mimi si mtu wa kuamrisha bila kujitambulisha, kwa hiyo nikaandika Ignatius Osundwa. Ikauliza: Kituo kipya? Nikaandika Isecheno. Nikangoja iniulize ni nani anayehamishwa. Ikanyamaza. Kidoa cha kijani kikawa kinanikonyeza tu, kama mtu aliyenizoea.

Jumanne nikaongeza cheo. Kimya. Jumatano nikaongeza Diploma ya Uongozi. Kimya. Kufikia Ijumaa asubuhi nilikuwa nimejitambulisha mara tisa, mara ya mwisho kwa herufi kubwa, nikiwa nimesimama.

Alasiri nikaingia kwa Mkurugenzi, Madam Navalayo, na ripoti ya kurasa arobaini. Nikamweleza kwamba mashine ni bubu, wiki nzima haijatekeleza lolote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua droo akatoa barua tisa, zote zimepigwa mhuri.

"Bwana Osundwa, ofisi hii haijapata mtu wa kuomba Isecheno hata mara moja. Wewe umeomba mara tisa."

Nikaomba zifutwe. Akanisomea waraka unaosema barua ikishatoka haifutwi, kwa kuwa kufuta ni kukiri kwamba ofisi hukosea. Waraka huo niliuandika mimi, na hata siku hiyo niliuona umeandikwa vizuri sana.

Taarifa hii naiandika kutoka Isecheno. Nekoye anakalia kiti changu Kakamega, mama yake hakosi kliniki, na foleni haijarudi. Nimetuma barua kumi na moja nikiomba kurejeshwa mjini, na hakuna aliyejibu. Jana nilimpigia Nekoye simu, nikamuuliza kwa matumaini kama kimya hicho kina maana kwamba kazi imeshafanyika.

"Hapana, mkubwa," akasema kwa heshima. "Hiyo ni mashine. Ofisi ikinyamaza, imenyamaza tu."

Ni kweli. Ndivyo nilivyoifundisha mimi.