Nondo wa Badawi

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Nimempata! Nondo wa kijivu, dume, katua mwenyewe kwenye taa za duka letu hapa Al-Suwaidi. Dokta Muna, bibi mtaalamu wa wadudu kule Jeddah, ananiambia kwa simu huenda ni aina mpya isiyo na jina. Huenda pia ni yule wa kawaida anayekula tende ghalani. Kwa sura ni kurwa na doto. Kuwatenganisha ni mpaka apime vinasaba vya mguu, kisha apasue tumbo atazame maumbile ya dume. Akiwa mpya, atapewa jina la aliyemleta.

Nondo wa Badawi! Maisha yangu yote nauza balbu, hata paka wa mtaani hajapata kuitwa kwa jina langu.

Kikwazo ni Anas, kaka wa mke wangu Wafaa. Dereva wa jumba moja mtaa wa Al-Malqa, naye kanasa dume wa sura hiyohiyo bustanini. Anangoja likizo ampeleke mwenyewe Jeddah. Angoje.

Wafaa kauliza huyo Dokta anatazama nini hasa kwa mdudu. Nikamweleza. Akaondoa birika la chai mbele yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Nondo kalazwa ndani ya kiberiti, juu ya pamba. Atapokewa na binamu yangu Amir, karani wa shehena bandari ya Jeddah. Ila Amir hana kifua: ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri Anas analo. Kwa hiyo nimemwandikia kwa mkato: "Nondo kwa basi kesho. Pokea, mpe Dokta Muna. Usivunje."

Akili ni mali.

Jumatano, 16 Aprili

Mtihani! Amir kaenda kituo cha basi na lori na wapagazi. Kutwa anapokea vyuma, kwake nondo ni za kujengea tu. Kapewa kiberiti. Kakifungua kwa hasira, katia dole gumba. Miguu imesalimika. Tumbo limeondoka na dole.

Kisha, akidhani nondo za chuma bado ziko njiani, kampigia Wafaa kumuuliza tangu lini namjengea nyumba mwanamke wa Jeddah. Jioni nzima nimeeleza habari za mdudu. Wafaa kanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Badawi, nikisikia tena umempelekea kitu huyo Dokta, mimi narudi kwetu."

Alhamisi, 24 Aprili

Dokta kapiga. Nikapokea nikiwa chooni. Vinasaba vya mguu aliopelekewa na Amir vinasema: aina mpya! Machozi yalinitoka.

Halafu ikaja "lakini". Bila tumbo hawezi kumtangaza, lazima aonyeshe maumbile. Nitafute dume mwingine.

Dume mwingine yuko kwa Anas. Nikamwendea kwa upole, nikamwambia wake ni mla tende tu, hana thamani, anipe nimtupie. Akacheka mpaka akakaa chini. Amir alishamweleza yote. Kesho anakwenda Jeddah, mdudu mapajani.

Jumatano, 7 Mei

Halas, yamekwisha. Tumbo la Anas na mguu wangu vimeafikiana. Ataitwa nondo wa Anas. Dokta anasema mguu wangu umesaidia sana. Mguu! Roho inaniuma, siwezi kuficha. Anas kaleta halua ya kusherehekea. Nimeila, lakini kwa kinyongo.

Ijumaa, 9 Mei

Mungu hamtupi mja wake! Nyuma ya friji ya duka nimemnasa buibui mweusi ambaye sijapata kuona mfano wake. Dokta anasema hata buibui hufanana, mpaka wapimwe. Na jina bado liko wazi.

Anas hajui. Wafaa ndiyo kabisa asijue. Safari hii nimejifunza: neno nondo silitii mdomoni. Nimemwandikia Amir kwa mkato: "Buibui kwa basi kesho. Mpe Dokta Muna mkononi. Wafaa asijue."

Hapo hata Amir hawezi kukosea.