Kichwa cha Mnyoo na Sufuria ya Uhuru

Jumatatu, 25 Juni 1962
Hapa Rumonge hakuna tumbo safi kama langu. Nimewaambia hivyo wazee wote leo, tulipokutana kuchagua mupishi wa ng'ombe wa sikukuu ya Uhuru, Jumapili. Lukeba, muganga wa dispanseri, aliuliza nani hana minyoo, maana mwenye minyoo hapikii watu. Nikaruka wa kwanza. Sufuria ikawa yangu! Jirani yangu Assumani, anayedhani pilau ni kuchemsha tu, aliuma midomo.
Basi, tumbo si safi. Iko mnyoo ndani, mrefu. Vipande vyake vinatoka bila kuniomba ruhusa.

Jumanne, 26 Juni
Binti yangu Kabibi amefua kikoi changu, akaona kipande. Badala ya kunyamaza kama mutoto aliyelelewa, akakipeleka dispanseri ndani ya jani la mugomba! Lukeba akaniita mbele ya watu. Akauliza, eti Muzee Swedi, huyu mgeni wako ana kibali cha kukaa? Wanawake wakacheka mpaka wakashikana.
Amenipa vidonge vya mnyoo. Masharti: nilale na njaa, asubuhi nimeze, ninywe na dawa ya kuharisha, nikalie chungu, kisha nitafute kichwa. Mkia hautoshi. Kichwa kikibaki, mnyoo unaota tena kama muhogo. Nisipomletea kichwa kabla ya Jumapili, Assumani anapika.
Nimelamba kidonge kimoja. Uchungu wa shetani! Vyote viko chini ya mkeka.

Alhamisi, 28 Juni
Akili ni mali. Nimekwenda mwaloni, nikaomba wavuvi matumbo ya samaki wa mukeke. Utumbo mmoja mwembamba, mweupe. Nikaufunga fundo kwenye ncha: kichwa hicho! Nikaenda dispanseri polepole, mkono kiunoni, kama mama aliyejifungua jana.
Lukeba hakuinuka hata kwenye kiti. Akasema dawa ile ni ya manjano, na mnyoo ulioinywa unatoka wa manjano. Huu mweupe umetoka Ulaya? Na nani aliufunga fundo?
Nikasema ni mnyoo wa ukoo mwingine. Akanionyesha mlango.

Ijumaa, 29 Juni
Manjano? Mimi ni mupishi! Baada ya sala nimechemsha utumbo mwingine na bizari. Ukatoka unang'aa. Fundo safari hii sikufunga.
Lukeba akauweka kwenye sahani, akainama, akanusa. Akamwita Anastasie anayefagia pale, naye anuse. Anastasie akauliza kitunguu kiko wapi.
Assumani alikuwa kwenye benchi. Amecheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe naye alikuwa na mnyoo wake! Alimeza, kichwa kikatoka, basi. Akaniambia, meza tu, kaka, mnyoo si mke, hauna haja ya kubembelezwa.
Mshenzi.

Jumamosi, 30 Juni
Nimemeza. Lukeba mwenyewe alikuja asubuhi kunisimamia. Akauliza kama nimelala na njaa. Nikaapa.
Ukweli: alfajiri nilikula ugali wa muhogo na ndagala, visamaki vya ziwa, sahani mbili. Nani anakwenda vitani bila kula?
Nimekaa kwenye chungu mpaka alasiri. Mnyoo umetoka, urefu wa kamba ya mbuzi, wa manjano kweli. Kichwa hakuna. Lukeba akasema kimejificha ndani ya ugali wangu. Alijuaje? Kabibi tena! Akanieleza pia kwamba mnyoo huu unaingia na nyama ya ng'ombe isiyoiva, na wapishi wanaoonja onja kabla ya wakati ndio nyumba zake.
Sufuria imehamia kwa Assumani.

Jumapili, 1 Julai
Uhuru! Ngoma zinalia, bendera mpya imepanda. Nimeichungulia toka chooni, juu ya ukuta, maana dawa ya kuharisha haijui sikukuu. Wabelgiji wameondoka. Kichwa changu bado kiko ndani.
Harufu ya pilau inakuja na upepo wa ziwa. Chumvi imepungua, najua kwa pua. Na sasa nimelijua kosa langu: harufu ya bizari. Idi ikija, sufuria ikigombewa tena, utumbo wa samaki nitauosha kwa sabuni kwanza.
Nimemtuma Kabibi na ujumbe. Assumani, ndugu yangu, mke wako Fatuma alipouliza ulilala wapi usiku ule ulipokuwa Magara, nani alisema ulikuwa kwangu? Basi nipitishie kipande cha nyama uani. Cha paja. Kitoe sasa hivi, kabla hakijaiva sana.